Kadi ya Kliniki: Mtoto Wako Anaelekea Wapi?



Kila siku ya kliniki ya watoto, mama akishamtoa mwanawe kwenye mizani, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: "Sista, amefaulu?" Huuliza kana kwamba mtoto ametoka kufanya mtihani. Nasi wauguzi, tukitazama foleni iliyofika hadi nje ya mlango, mara nyingi tunamjibu kwa haraka: "Yuko kwenye kijani, mama. Nenda, urudi mwezi ujao." Mama anafurahi, anaikunja kadi, anaifunga kwenye kanga na kwenda zake.

Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Mara nyingine limewaponza watoto. Katika ukurasa wa mwezi huu tunapenda kuwaeleza akina mama na akina baba namna ya kuusoma ule mchoro ulio ndani ya kadi, ili msitegemee neno moja la muuguzi mwenye haraka.

KADI INAONYESHA NINI?

Fungua kadi ya mtoto wako. Kwenye ukurasa wa uzito utaona mchoro wenye miraba midogo. Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, kuna miezi ya umri wa mtoto. Pembeni, kutoka chini kwenda juu, kuna kilo. Mtoto akipimwa, tunatafuta umri wake chini, tunatafuta kilo zake pembeni, na pale vinapokutana tunaweka nukta. Mwezi unaofuata tunaweka nukta nyingine, kisha tunaziunganisha. Huo ndio mstari wa mtoto wako. Ni wake peke yake.

Lakini kabla mtoto wako hajazaliwa, mchoro ule ulikuwa umekwisha kuchapwa mistari mingine iliyopinda, inayopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Kadi nyingi zimepakwa rangi kati ya mistari hiyo: kijani katikati, chini yake kijivu au njano, na chini kabisa nyekundu. Nyingine zina mistari mitupu bila rangi. Kwa kuwa kadi hazikuchapwa zote kwa namna moja, mwombe muuguzi akueleze mistari na rangi za kadi uliyo nayo. Vilevile hakikisha kwamba mvulana anaandikiwa kwenye mchoro wa wavulana, na msichana kwenye mchoro wa wasichana, maana mistari yao haifanani.

KWA NINI SI MSTARI MMOJA TU?

Mama mmoja alituuliza swali zuri: "Kama mnajua mtoto wa mwaka mmoja anapaswa kuwa na kilo ngapi, si mngeandika namba moja tu, tukajua?"

Jibu ni kwamba hakuna namba moja. Watoto wenye afya njema hawalingani, kama vile sisi watu wazima tusivyolingana. Kwa hiyo kadi inaonyesha upana, yaani kutoka kiwango cha chini hadi kiwango cha juu, ambamo watoto wengi wenye afya hupatikana.

Tuchukue mfano wa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO). Mvulana wa miezi 12 aliye katikati kabisa ana kilo 9.6. Lakini upana unaokubalika unaanzia kilo 7.7 na kufika kilo 12.0. Kwa msichana wa umri huo katikati ni kilo 8.9, na upana ni kutoka kilo 7.0 hadi kilo 11.5. Maana yake wavulana wawili wa mwaka mmoja wanaweza kupishana kwa zaidi ya kilo 4, na wote wawili wakawa wazima. Ukiwakusanya watoto 100 wenye afya, kama 95 hivi watakuwa ndani ya upana huo. Wachache watakuwa chini kidogo au juu kidogo bila kuwa wagonjwa.

Kwa sababu hiyo mstari wa katikati si alama ya kufaulu ambayo kila mtoto lazima aifikie. Nusu ya watoto wazima wako chini yake. Mama ambaye mwanawe yuko chini ya mstari wa katikati lakini ndani ya upana asione aibu mbele ya wenzake. Wala jirani asimcheke. Tumewahi kuona akina mama waliochekwa hivyo wakaacha kwenda kliniki kabisa, na hasara ikawa ya mtoto.

Hata hivyo, mpaka wa chini ni onyo la kweli. Mtoto aliyeshuka chini yake ahesabiwe kuwa na uzito pungufu mpaka achunguzwe. Kuna na mpaka mwingine chini zaidi. Kwa mvulana wa miezi 12 mpaka huo ni kilo 6.9, na kwa msichana ni kilo 6.3. Aliye chini ya hapo ana upungufu mkubwa, asisubiri mwezi ujao.

MISTARI HII ILITOKA WAPI?

Katika miaka ya 1950 daktari Mwingereza aitwaye David Morley alifanya kazi na watoto wa vijijini huko Nigeria. Aliona watoto wengi wakiletwa hospitali wakiwa wamekwisha kudhoofika, wakati ilikuwa inawezekana kuwaona mapema. Akabuni kadi ambayo mama mwenyewe anaitunza nyumbani. Ndani yake alichora njia yenye mstari wa juu na mstari wa chini, akaiita njia ya kuelekea kwenye afya. Mtoto alitazamiwa kupita katika njia hiyo, akipanda. Kadi zetu za leo ni wajukuu wa kadi ile.

Lakini njia ilichorwa kwa kutazama watoto gani? Hapo ndipo sisi wauguzi wa zamani tunapaswa kukiri jambo. Kwa miaka mingi nchi nyingi zilitumia mistari iliyotokana na watoto wa Marekani, ambao wengi wao walilishwa maziwa ya kopo. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama hakui kwa mwendo ule ule. Miezi ya mwanzo huongezeka vizuri sana, halafu hupunguza kasi kidogo kuliko yule wa maziwa ya kopo. Basi mtoto wa titi alipofika miezi 4 au 5, mstari wake ulionekana kulegea kwenye kadi, ingawa alikuwa mzima. Nasi tulimwambia mama: "Maziwa yako hayamtoshi, mwanzishie uji." Wengine walianzisha uji na maziwa ya ng'ombe kwa maji yasiyo salama, na kuhara kukaingia nyumbani. Mama hakuwa na kosa. Mistari tuliyomlinganisha nayo haikumfaa mtoto wake.

Ili kurekebisha jambo hilo, kati ya 1997 na 2003 WHO ilifuatilia watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto wanaonyonya maziwa ya mama, ambao mama zao hawavuti sigara, na wanaoishi katika mazingira mazuri. Ilionekana kwamba watoto wadogo wa mataifa hayo, wakitunzwa vizuri, hurefuka kwa namna inayofanana sana. Mistari mipya ikatolewa mwaka 2006. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba upana huu ni wa watoto wa Ulaya. Mtoto wa Accra na mtoto wa Muscat wamo ndani yake.

Siku hizi vituo vingine vinatumia kompyuta. WHO ina programu iitwayo WHO Anthro, ambayo ukiipa umri na uzito inachora upana huo huo na kuweka nukta ya mtoto ndani yake. Ni msaada mzuri. Lakini kompyuta haijui kama mtoto amepimwa akiwa na nepi iliyolowa na sweta zito. Inachora kile ilichopewa.

MTOTO ALIYEKUWA KWENYE KIJANI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kliniki moja tuliyokuwa tukihudumu, aliletwa mvulana mnene wa miezi 6. Alikuwa na kilo 8.8, juu ya mstari wa katikati. Tulimsifu mama yake mbele ya wote. Miezi 7 alikuwa na kilo 8.9. Miezi 8, kilo 8.8. Mwezi wa 9 hakuletwa, maana ulikuwa wakati wa kupalilia. Miezi 10 akaja na kilo 8.6. Kila mara alipimwa na muuguzi tofauti. Kila mmoja wetu alitazama nukta ya siku ile, akaiona imo kwenye kijani, akasema: "Vizuri, mama."

Kweli nukta ilikuwa kwenye kijani. Kwa mvulana wa miezi 10 mpaka wa chini ni kilo 7.4, na yeye alikuwa na 8.6. Lakini hakuna aliyerudi nyuma kuitazama safari yake. Katika miezi minne hakuongeza hata gramu moja, bali alipungua, katika umri ambao alipaswa kuongeza zaidi ya kilo nzima.

Alipokuwa na miezi 11 aliletwa usiku wodini akiwa na kilo 7.4, anapumua kwa shida. Tulipouliza habari za nyumbani, tuliambiwa kwamba baba yake alikuwa akikohoa tangu kabla ya Pasaka. Ilikuwa kifua kikuu, kwa baba na kwa mtoto. Wote wawili walitibiwa na kupona, lakini mtoto yule alikaa wodini wiki nyingi, na kwa siku za kwanza hatukujua kama angeishi.

Mama yake alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Sista, si kila mwezi mliniambia yuko kwenye kijani?"

Hatukuwa na jibu. Kadi ilikuwa imesema mapema, nasi hatukuisoma yote. Nukta ya leo inakuambia mtoto yuko wapi miongoni mwa wenzake. Mstari unaounganisha nukta ndio unaokuambia anaelekea wapi. Yatazame yote mawili.

SOMA MSTARI WA MTOTO WAKO

1. Mstari unapanda sambamba na mistari ya kadi. Hii ni habari njema, hata kama mtoto yuko karibu na ukingo wa chini wa upana. Tunakumbuka msichana aliyezaliwa na kilo 2.6. Miezi 3 alikuwa na kilo 4.7, miezi 6 kilo 6.0, miezi 9 kilo 6.8, na mwaka mmoja kilo 7.3. Daima alikuwa mdogo kuliko wenzake, daima alipanda. Alikuwa mchangamfu na hakuugua hovyo. Mtoto wa namna hii aendelee kutunzwa na kupimwa, wala mama asitishwe.

2. Mstari umelala. Mtoto haongezeki. Hili ni onyo, hata kama yuko juu kwenye kijani. Katika miezi 6 ya kwanza, mwezi mmoja bila kuongezeka unatosha kutafuta sababu. Katika mwaka wa pili mtoto huongeza kama gramu 200 tu kwa mwezi, hivyo mwezi mmoja uliolala huenda ni tofauti ya mizani. Ikiwa ni miezi miwili mfululizo, usikubali kuondoka bila maelezo.

3. Mstari unashuka. Mtoto anapungua. Hapo kuna ugonjwa, au chakula hakitoshi, au yote mawili. Achunguzwe siku hiyo hiyo. Isipokuwa mtoto mchanga: katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa ni kawaida kupungua kidogo, na kwa kawaida uzito hurudi ndani ya wiki mbili.

Watoto wengine waliozaliwa wakubwa sana hushuka polepole kidogo katika mwaka wa kwanza, kisha hushika njia yao. Hilo aliamue muuguzi au daktari baada ya kumchunguza, si jirani wala sisi kwa kukisia.

MAMBO YANAYODANGANYA

Mchoro ni mwaminifu kama vipimo vilivyo vyaminifu. Angalieni haya:

Mizani. Kabla mtoto hajapandishwa, mshale usimame kwenye sifuri. Mtoto apimwe bila nguo nzito na bila viatu, kila mwezi kwa namna moja.

Umri. Mtoto wa miezi 9 akiandikwa kwenye 8, ataonekana mzito kuliko alivyo. Jueni tarehe ya kuzaliwa, na mwezi mlioukosa uachwe wazi, usirukwe.

Uvimbe. Hili ni la hatari kuliko yote. Mtoto mwenye kwashakoo huvimba maji, na maji yana uzito. Nukta yake inaweza hata kupanda wakati yeye anazidi kuumwa. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde 3. Kikibaki kishimo miguu yote, mpeleke hospitali mara moja, kadi iseme itakavyosema.

Urefu. Mtoto anaweza kuonekana mnene kumbe amedumaa. Ndiyo maana tunampima urefu pia, nao una mchoro wake. Vilevile mchoro wa uzito na umri hautoshi kusema mtoto amenenepa kupita kiasi. Lazima uzito ulinganishwe na urefu.

Kuna na ule utepe wa rangi tunaouzungusha kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi chini ya miaka 5. Huo nao ni upana uliopakwa rangi. Kuanzia sentimita 12.5 ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali unaohitaji matibabu bila kuchelewa.

MSTARI UKILALA, TUFANYE NINI?

Kwanza, tusilaumiane. Baba asimgombeze mama, wala mama mkwe asimshutumu mkwe. Kaeni pamoja mjiulize:

- Je, mtoto aliugua? Homa, kuhara, kikohozi, vidonda vya mdomo?
- Je, kuna mtu nyumbani anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi? Apimwe kifua kikuu. Na mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu apelekwe kituoni hata kama anaonekana mzima.
- Je, mama na mtoto wamepimwa virusi vya UKIMWI?
- Je, anakula mara ngapi? Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Kuanzia miezi 6 hadi 8 apewe chakula mara 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 hadi 4, pamoja na kitu kidogo katikati. Aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.
- Je, uji wake ni maji matupu? Uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa, maziwa au mafuta kidogo. Apate pia maharage, dagaa, yai, mboga za majani na matunda.
- Je, nani humlisha wakati mama yuko shambani au sokoni? Mtoto mdogo akiachiwa sahani moja na kaka zake, hushindwa.

Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea bila kuamka vizuri, asisubiri siku ya kliniki. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

NENO KWA WAZAZI

Mwezi ujao ukienda kliniki, usiulize kama mtoto amefaulu. Uliza hivi: "Sista, tangu mwezi uliopita mstari wake umepanda, umelala au umeshuka? Na kama haukupanda, ni kwa nini?" Muuguzi mwema hatakasirika. Atakushukuru, kwa sababu utakuwa umemkumbusha kazi yake. Baba naye aifungue kadi jioni nyumbani, aitazame. Haihitaji elimu kubwa kuona kama mstari unapanda au umelala.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mstari uliolala ndani ya kijani ni ufa. Ukizibwa mwezi huo, huenda bakuli la uji mzito na dawa ya wakati vikatosha. Ukiachwa, mtoto atalala wodini, na shamba na nduguze vitakosa mama.

Itunzeni kadi pakavu, na kila mwezi ipate nukta yake.